Ubaridi na joto hotelini: ubaki na mashine ulizonazo, ufunge spliti za inveta, VRF au chila?

Nimekaa na mameneja wengi wa hoteli, mezani kukiwa na makadirio matatu ya bei. Mmoja anauza spliti (kiyoyozi cha chumba kimoja, kifaa kimoja ndani na kingine nje), wa pili VRF (mashine ya nje inayolisha vyumba vingi kwa gesi), wa tatu chila (mtambo unaopoza maji yanayopelekwa vyumbani), na wote wanaapa kuwa mfumo wao ndio unaokula umeme kidogo. Aghalabu hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana hoteli yake kichwani. Hoteli ya vyumba 20 inayojaa mwisho wa wiki tu haina shida sawa na ya vyumba 200 yenye ukumbi wa mikutano, jiko kubwa na dobi isiyolala.

Ndiyo maana sitakutajia mfumo mmoja wa kuwafaa wote. Nitaweka vigezo mezani, nipitishe kila chaguo humohumo, na nitaanza na chaguo ambalo hakuna muuzaji anayelileta: kubaki na ulichonacho na kukitunza ipasavyo.

Kabla ya yote, punguza mzigo

Usiagize mashine mpya kwa kunakili ukubwa wa ile ya zamani. Kiyoyozi kilichozidi chumba hupoza hewa haraka, kikazima kabla hakijatoa unyevu. Mgeni anabaki kwenye baridi ya kinyevunyevu, shuka zinashika unyevunyevu, na baada ya miezi kadhaa unakuta ukungu mweusi nyuma ya kabati. Naye kwa kuhisi vibaya anashusha rimoti hadi 16, na hali inazidi kuharibika.

Anza na jengo lenyewe. Ziba nyufa za milango ya roshani, weka mapazia mazito upande wa jua la alasiri, kinga dari ya ghorofa ya juu dhidi ya joto la paa. Funga swichi za dirisha zinazozima kiyoyozi mlango wa roshani ukiachwa wazi, na swichi ya kadi mlangoni ili chumba kisipozwe mgeni akiwa nje kutwa. Kisha mhandisi ahesabu mzigo wa joto upya, chumba kwa chumba. Tani moja ya ubaridi ni takriban kilowati 3.5, yaani BTU 12,000 kwa saa. Kila tani unayoiondoa kwa pazia na paa ni tani ambayo hutainunua, hutailipia umeme na hutaitengeneza.

Vigezo

*Umeme hoteli isipojaa.* Namba ya ufanisi iliyobandikwa kwenye mashine haisemi yote. Saa nane mchana nusu ya vyumba havina mtu, na kuna miezi ambayo ghorofa nzima imelala. Uliza mfumo unakula kiasi gani ukifanya kazi kwa theluthi ya nguvu zake.

*Kufunga.* Fedha za kuanzia, na vyumba vingapi vitafungwa kwa muda gani.

*Matengenezo.* Nani atashika spana. Kwangu hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa.

*Siku ya kuharibika.* Vyumba vingapi vinakosa huduma kwa hitilafu moja.

*Joto na maji ya moto.* Mfumo unaweza kupasha vyumba wakati wa baridi? Unasaidia maji ya kuoga?

*Gesi.* Itifaki ya Montreal ya 1987, kupitia marekebisho yake ya 1992, iliiweka R-22, gesi ya kupozea ya viyoyozi vya zamani, kwenye orodha ya kuondolewa kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Nchi tajiri zilifikia kikomo 2020, nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030, na kote kumebakizwa kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. Halafu Marekebisho ya Kigali ya 2016, yaliyoanza kutumika 2019, yakagusa kizazi cha gesi kilichofuata. Kilo moja ya R-410A ikivuja hupasha dunia joto sawa na takriban kilo 2,088 za kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 100. R-32 ni karibu 675. Mashine unayonunua leo itakuwa ukutani kwa miaka 15. Hakikisha gesi yake itapatikana muda wote huo.

Chaguo la kwanza: kubaki na ulichonacho na kukirekebisha

*Umeme.* Hapa kuna akiba kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Niliwahi kuitwa kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya tatu ambacho wageni walikilalamikia wiki nzima. Kilikuwa kimeshajazwa gesi mara mbili. Nilipofungua kifuniko, kichujio kilikuwa kimevaa blanketi la manyoya ya taulo na shuka, la kijivu, nene kiasi cha kukunjika kama kitambaa. Nyuma yake koili, yaani mabomba yenye mapezi yanayopoza hewa, ilikuwa imeganda barafu kutoka upande hadi upande. Hewa haikuwa na pa kupita. Tulizima, tukaacha barafu iyeyuke, tukaosha kichujio na koili, tukasafisha bomba la maji ya kudondoka lililojaa ute, kisha ikabidi tutoe gesi yote na kuirudisha kwa mizani, kwa kuwa ilikuwa imezidi. Chumba kikarudi kwenye ubaridi wake jioni ileile bila kununua kitu.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, inavuja mahali. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia ziara ya mwezi ujao, na mashine inakula umeme mwingi kwa ubaridi kidogo siku zote hizo katikati.

*Kufunga.* Hakuna vumbi wala kufunga vyumba. Unaweza kuongeza thamostati mpya na swichi za kadi bila kugusa mabomba.

*Matengenezo.* Nidhamu tupu. Vichujio vioshwe kila mwezi, na mara nyingi zaidi palipo na zulia au vumbi. Koili za ndani na nje zisafishwe kwa ratiba. Pima joto la hewa inayoingia kwenye kifaa na inayotoka: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni dalili ya afya, chini ya hapo tafuta sababu. Andika kwenye daftari lenye ukurasa wa kila chumba, maana chumba kilichojazwa gesi mara tatu kwa mwaka huonekana kwenye daftari kabla hakijaonekana kwa mtu yeyote.

*Siku ya kuharibika.* Kama ilivyokuwa, na uzee unaongeza mara za kuharibika.

*Joto na maji ya moto.* Hakibadiliki kitu.

*Gesi.* Hapa ndipo chaguo hili hufika mwisho. Mashine za R-22 zikianza kuvuja mfululizo, fedha za gesi zielekeze kwenye mashine mpya.

*Inamfaa* mwenye mashine zisizozidi miaka minane hivi, au mwenye mkopo usiomruhusu kubadilisha mwaka huu.

Chaguo la pili: spliti za inveta kila chumba

*Umeme.* Spliti ya zamani huwaka kwa nguvu zote, huzima, huwaka tena. Ya inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikikaribia joto lililowekwa, ikaendelea polepole. Chumba kitupu kinazimwa kabisa, bila pampu wala bomba refu linalopoteza ubaridi njiani. Kwa hoteli inayojaa na kupungua ovyo, hiyo ni faida ya kweli. Udhaifu ni rimoti: bila swichi ya kadi na bila kikomo cha chini cha joto, mgeni ndiye anayeamua bili yako.

*Kufunga.* Chumba kwa chumba, hata viwili kwa siku, bila kufunga hoteli. Tatizo liko nje. Mashine za nje zinahitaji hewa huru. Niliona hoteli iliyopanga mashine 12 ndani ya shimo la mwanga katikati ya jengo, zikipuliziana hewa ya moto. Za juu kabisa zilikuwa zinavuta hewa iliyokwisha kupashwa na zote za chini yake, na zilijizima kila mchana. Kando ya bahari chagua koili zilizopakwa kinga ya chumvi, la sivyo mapezi ya alumini huliwa yakamomonyoka kwa kidole.

*Matengenezo.* Rahisi kwa kila moja, mengi kwa jumla. Vyumba 100 ni kompresa 100, vichujio 100 na mabomba 100 ya kudondosha maji. Mafundi na vipuri ni rahisi kupata kuliko kwa mfumo wowote mwingine hapa. Ila bodi za inveta haziupendi umeme unaoruka, kwa hiyo weka kinga ya volti tangu siku ya kwanza.

*Siku ya kuharibika.* Chumba kimoja. Unamhamisha mgeni, basi.

*Joto na maji ya moto.* Nyingi hupasha chumba kwa kugeuza mzunguko, ingawa nguvu hupungua baridi ikiwa kali. Maji ya kuoga hayamo. Hewa safi pia haimo: spliti huzungusha hewa ileile, kwa hiyo feni ya bafuni lazima ifanye kazi.

*Gesi.* Nyingi mpya zinatumia R-32. Inaweza kushika moto kwa kiasi, hivyo fundi awe amefunzwa, lakini kiasi kilichomo katika kila mashine ni kidogo.

*Inamfaa* hoteli ndogo hadi ya kati yenye kuta za nje za kutosha, na yenye mafundi wa kawaida.

Chaguo la tatu: VRF

Huu ni mfumo ambao mashine moja ya nje, au chache zilizounganishwa, inalisha vifaa vingi vya ndani kwa kiasi cha gesi kinachobadilika kulingana na mahitaji ya kila chumba. Kampuni ya Daikin ya Japani ndiyo iliyouleta sokoni, mwaka 1982.

*Umeme.* Ni hodari hoteli ikiwa nusu tupu, kwa sababu hutoa kinachoombwa tu. Aina yenye urejeshaji joto huenda mbali zaidi: joto linalotolewa kwenye vyumba vya upande wa jua hupelekwa kwenye vyumba vya kivulini vinavyoomba kupashwa. Na mapokezi wanaona vyumba vyote kwenye skrini moja, wanaweza kuwasha kabla mgeni hajafika na kuweka kikomo cha joto.

*Kufunga.* Mashine za nje ni chache, sura ya jengo inabaki safi. Gharama ni kubwa kuliko spliti, na kazi haivumilii haraka. Viungo vya shaba vichomelewe huku nitrojeni ikipita ndani ya bomba, vinginevyo masizi hujitengeneza humo na kuja kuziba valvu. Halafu mabomba yajazwe nitrojeni kwa shinikizo na kuachwa usiku kucha, geji ikisomwa jioni na asubuhi. Halafu vakyumu ya kutosha, yaani kunyonya hewa na unyevu wote bombani. Simama pale mwenyewe uangalie. Mkandarasi anayetaka kufunga dari kabla ya jaribio la shinikizo asimamishwe.

*Matengenezo.* Vichujio na mabomba ya maji ni kama kwa spliti. Yaliyobaki yanahitaji kompyuta ya mtengenezaji na mtu aliyefunzwa naye. Kabla ya kusaini, uliza mtu huyo anakaa umbali gani na vipuri vinafika kwa siku ngapi. Jibu likiwa la kubabaika, hilo ni jibu.

*Siku ya kuharibika.* Hitilafu ya mashine ya nje inaweza kuzima ghorofa. Dai kila ghorofa igawanywe kwenye mizunguko miwili, vyumba vikipishana, ili hitilafu moja ikuachie nusu ya vyumba.

*Joto na maji ya moto.* Ni mzuri sana panapohitajika joto na baridi siku moja. Baadhi yake huongezewa kifaa cha kupasha maji.

*Gesi.* Mzunguko mmoja hubeba kilo nyingi, na mabomba yanapita juu ya vitanda. Uvujaji ukitokea, gesi yote inaweza kumwagika kwenye chumba kimoja kidogo cha kulala na kusukuma hewa ya kupumua nje. Mbunifu akuoneshe hesabu ya kila chumba kidogo, na vigunduzi viwekwe inapobidi.

*Inamfaa* hoteli ya kati inayojaa kwa mawimbi, yenye mkataba thabiti wa huduma.

Chaguo la nne: chila na maji baridi

*Umeme.* Chila hupoza maji hadi takriban nyuzi 7, pampu zikayapeleka kwenye vifaa vya vyumbani, yakarudi na nyuzi 12 hivi. Mzigo ukiwa mkubwa na wa kudumu, ni vigumu kuushinda mfumo huu. Adui yake ni usiku wa wageni wachache, chila moja kubwa ikihangaika kuhudumia vyumba 15 huku pampu zikienda kasi ileile. Dawa ni chila mbili au tatu za ukubwa tofauti, na vidhibiti mwendo kwenye pampu na feni. Nguvu inayotumiwa na feni hufuata mwendo kwa kipeo cha tatu: ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, umeme unashuka hadi karibu nusu. Kwa pampu za mzunguko hali ni ya kukaribiana. Kwa hoteli iliyo na chila tayari, ningeanza hapo kabla ya kufikiria chila mpya.

*Kufunga.* Ghali na nzito. Lakini kama mabomba ya maji yaliyopo bado ni mazima, kubadilisha chila pekee hakugusi vyumba.

*Matengenezo.* Mashine chache, chumba kimoja cha mitambo, lakini anahitajika mtu anayeelewa maji: dawa zake, uchafu kwenye vichungi, kutu. Sponji inayofunika mabomba ikipasuka, bomba linatoka jasho na dari ya korido inaota doa la kahawia. Kwenye hoteli ya chila, tembea korido ukiangalia juu.

Ukiwa na mnara wa kupozea, unaotupa joto nje kwa kumwagia maji hewani, chila hula umeme mdogo kuliko ile inayopozwa kwa hewa, ila unalipia maji yanayopotea kwa mvuke, na unabeba dhamana kubwa. Mwaka 1976, kwenye hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, wahudhuriaji wa mkutano wa maveterani waliugua nimonia isiyojulikana, zaidi ya 25 wakafa. Bakteria waliohusika waligunduliwa mwaka uliofuata wakaitwa Legionella, na mfumo wa ubaridi wa jengo ukashukiwa kuwa njia yao. Mnara usiotiwa dawa wala kusafishwa usiwepo kwenye hoteli yoyote.

*Siku ya kuharibika.* Chila moja ikilala, hoteli nzima inatoka jasho. Zisiwe chini ya mbili.

*Joto na maji ya moto.* Mabomba mawili hukupa joto au baridi kwa msimu. Mabomba manne hukupa vyote kwa wakati mmoja. Joto linalotupwa na chila linaweza kupasha maji ya kuoga kwanza, kabla ya boila kumalizia.

*Gesi.* Inabaki paani au kwenye chumba cha mitambo. Vyumbani kuna maji tu, jambo linalonipa utulivu.

*Inamfaa* hoteli kubwa yenye kumbi, jiko na dobi, na wahandisi wa zamu. Ikitunzwa, chila hudumu miaka 20 na zaidi, ilhali spliti nyingi hufikia 10 hadi 15.

Maji ya moto

Wengi hutumia nguvu zote kwenye viyoyozi wakasahau bafu. Hita ya umeme ya kawaida hutoa uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Pampu ya joto huvuta joto kutoka hewani na kwa kawaida hutoa tatu hivi. Iweke karibu na dobi: hewa inayotoka kwake ni baridi, na wafanyakazi wa pasi wataishukuru. Usikubali tanki lishushwe hadi nyuzi 45 ili kuokoa umeme, kwa sababu Legionella hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Tanki libaki 60, na valvu ya kuchanganya ilinde ngozi ya mgeni.

Kwa hali yako

Kama mashine zako bado changa lakini bili imepanda, tumia miezi mitatu kwenye chaguo la kwanza kabla ya kuita muuzaji yeyote.

Vyumba chini ya 40, mafundi wa mtaani, umeme usiotulia: spliti za inveta, kinga za volti na swichi za kadi. Badilisha kwanza zinazotumia R-22.

Jengo lenye pande mbili, moja jua na moja kivuli, msimu wa baridi upo na fundi wa mtengenezaji yuko karibu? VRF yenye urejeshaji joto inastahili kupewa hesabu ya kina. Kama fundi huyo lazima asafiri kwa ndege, rudi kwenye spliti, au kwenye chila ikiwa hoteli ni kubwa.

Una chila yenye miaka 20, mabomba yakiwa mazima? Badilisha chila, gawanya mzigo kwa mbili, weka vidhibiti mwendo, na acha vyumba vilivyo. Mabomba yakiwa yameoza ndani ya kuta, hesabu inaanza upya, na hapo VRF inaweza kuwa nafuu kuliko kuvunja kuta zote.

Na kama bado umekwama kati ya mawili, na bajeti inaruhusu, subiri msimu wa wageni wachache ufunge ghorofa moja tu. Weka mita yake peke yake, weka nyingine kwenye ghorofa isiyoguswa iliyo upande uleule wa jua, andika kila usiku vyumba vingapi vina wageni, na ziendeshe sambamba hadi msimu wa kujaa upite. Ukimwita muuzaji tena, mpe daftari hilo mkononi kabla hajafungua makadirio yake.